Piano Badala ya Habari

Jioni ya tarehe 18 Aprili 1930, siku ya Ijumaa Kuu, saa ya taarifa ya habari ilipofika, mtangazaji wa BBC aliwaambia wasikilizaji wake kwamba leo hakuna habari. Dakika zilizobaki za kipindi zikajazwa na muziki wa piano, kisha matangazo mengine yakaendelea.

Kisa hiki huzunguka sana siku hizi, na anayekisimulia huwa na sauti ya mtu anayeikumbuka nyumba ya bibi yake. Ati kulikuwa na zama ambapo dunia iliweza kunyamaza! Nami nimekisimulia hivyohivyo, zaidi ya mara moja, tena nikiwa nimeshika simu inayotetemeka kila baada ya dakika tatu. Halafu siku moja nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza tangu mwanzo: je, kweli siku ile hakukuwa na habari?

Zilikuwepo. Siku ileile, katika kijiji cha Costești nchini Romania, kanisa lilishika moto watu wakiwa ndani kwa ibada ya Ijumaa Kuu, na wakafa zaidi ya mia moja, watoto wengi miongoni mwao. Na saa chache kabla ya mtangazaji yule kufungua kinywa, huko Chittagong, Bengal, iliyokuwa bado chini ya Waingereza, kundi la wanamapinduzi likiongozwa na mwalimu Surya Sen lilivamia maghala ya silaha. Hawakuishia kwenye bunduki. Walishughulikia pia nyaya za simu na telegrafu, wakazikata. Walijua kwamba dola kubwa isiyopata habari ni sawa na jitu lililofunikwa macho.

Basi ule ulikuwa ukimya wa London peke yake. Kwingine watu walikuwa wanazima moto.

Tangu nilipolijua hilo, kisa cha piano kimekuwa mzigo mtamu ninaotembea nao. Na ninaposema natembea, natembea kweli: kila jioni, saa moja hivi, njia ileile, nipande kilima nishuke upande wa pili. Ni katika kupanda na kushuka huko nilipoanza kushuku kwamba ukimya sio ninaoulilia. Ninaulilia ule upenyo uliokuwepo kati ya jambo kutokea na mimi kuambiwa nilichukulieje. Na nikiyatazama mambo matatu yanayonila muda kuliko yote, yaani habari, nyimbo na mpira, naona upenyo huo bado upo. Umehamishwa tu, ukatolewa pale tulipouhitaji ukapelekwa pale ulipotuudhi.

Nianze na habari. Waliosubiri habari zamani hawakuwa na raha tunayowabunia. Tarehe 24 Desemba 1814, wajumbe wa Uingereza na Marekani walitia saini mkataba wa Ghent wa kumaliza vita vyao. Tarehe 8 Januari 1815, majeshi ya nchi hizohizo mbili yalipigana New Orleans, na upande wa Waingereza pekee ukapoteza watu zaidi ya 2,000, ukijumlisha waliouawa, waliojeruhiwa na waliotekwa. Karatasi ya amani ilikuwa bado ndani ya meli, katikati ya Atlantiki. Mtu akiniambia habari za polepole ni habari za busara, namkumbusha wale askari.

Kwa hiyo kasi yenyewe siigombi. Telegrafu ilikuwa neema, redio ilikuwa neema. Ninachogomba ni kile kilichokuja baadaye. CNN ilipoanza kurusha matangazo tarehe 1 Juni 1980, iliahidi habari saa 24 kwa siku, na ahadi hiyo ina hesabu yake: matukio hayatokei saa 24 mfululizo mahali kamera zilipo. Saa zilizobaki lazima zijazwe, na hakuna tena mwenye ujasiri wa kupiga piano. Kikajazwa kitu cha bei rahisi kuliko ripota aliyetumwa mbali, yaani maoni. Leo simu yangu inafanya kazi hiyohiyo bila kulala. Inaniambia kuna jambo limetokea, haijui hasa ni nini, lakini chini yake tayari kuna watu mia tatu wanaojua ni kosa la nani.

Na mimi huwa wa mia tatu na moja. Miezi kadhaa iliyopita nilimjibu binamu yangu kwa maneno makali kwenye kundi la familia, kuhusu tukio lililokuwa na umri wa dakika arobaini. Nilikuwa na hoja tatu, zote nzuri. Kesho yake taarifa kamili ilipotoka, hoja mbili zilikuwa zimekufa na ya tatu mahututi. Hakuna aliyenikumbusha, kwa sababu kundi zima lilishahamia kwenye ugomvi mwingine. Hapo ndipo nilipoona ubaya wake. Zamani mtu aliyekosea alikuwa na wiki nzima ya kuona haya. Sasa hata haya hazipewi muda.

Lugha yetu, nikiiangalia vizuri, ilishalifikiria jambo hili kabla ya runinga. Tunaposalimiana tunaulizana habari. Habari za nyumbani? Habari za kazi? Habari za tangu juzi? Na jibu la kwanza karibu kila mara ni "nzuri", hata kama nyumba imeungua. Mgeni anayejifunza Kiswahili hushangaa: huyu mtu amesema habari ni nzuri, kisha sentensi ya pili anasema amefiwa. Nzuri, ila mzee ametutoka. Salama, isipokuwa mtoto yuko hospitali. Watu wengine huuita huu unafiki wa adabu. Mimi nauona kama ufundi. Lile neno "nzuri" halitoi taarifa. Linampa msikilizaji muda wa kusimama vizuri kabla ya kupokea mzigo, na linampa msemaji muda wa kuchagua maneno. Ni piano fupi, ya silabi mbili.

Taarifa za simu hazina "nzuri, ila". Zinaanza na "ila".

Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford huwauliza watu wa nchi nyingi kila mwaka kuhusu mazoea yao ya habari. Mwaka 2017, asilimia 29 walisema huzikwepa habari wakati mwingine au mara nyingi. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 39. Wahariri husoma tarakimu hizo kwa huzuni, na wako wanaowalaumu watu hao kwa uvivu wa uraia. Nawajua baadhi ya hao wanaokwepa, na mmoja nanyoa naye ndevu kila asubuhi kwenye kioo. Kuna wiki ambazo hafungui habari hata moja. Anachofungua ni muziki.

Na huko nako kuna hadithi yake.

Ningependa kulalamika kwamba nyimbo zimekuwa fupi, lakini historia inanizuia. Santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika zilibeba kama dakika tatu upande mmoja, basi wanamuziki wakatunga nyimbo za dakika tatu. Mwaka 1949 kampuni ya RCA Victor ilileta santuri ndogo ya mizunguko 45, na redio zikaipenda kwa sababu ileile: wimbo mfupi, kisha tangazo, kisha wimbo. Umbo la wimbo wa pop lilikatwa na fundi wa mashine kabla halijamfikia mtunzi. Waliovunja ukuta huo walikuwa wachache. The Beatles walitoa Hey Jude mwaka 1968 ikiwa na zaidi ya dakika saba, na karibu dakika nne za mwisho ni kiitikio kimoja kinachorudiwa, hakiendi popote. Iliongoza chati. Inaelekea watu hawakuwa na haraka ya kufika.

Leo mashine imebadilika na umbo limeifuata. Kwenye Spotify, wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30. Anayeruka sekunde ya 29 hajasikiliza, hesabu haipo. Tena wimbo wa dakika sita unahesabiwa mara moja, sawasawa na wa dakika mbili. Mtunzi aliyesoma hesabu za darasa la nne anaona lipi lina faida. Mwaka 2019 wimbo wa Lil Nas X, Old Town Road, ulikaa wiki 19 kileleni mwa chati ya Billboard Hot 100, na toleo lake la kwanza halikufika hata dakika mbili. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ni mfupi kama kicheko, na kicheko kirefu hakifurahishi.

Urefu basi sina ugomvi nao. Ninaoulilia ni mlango. Mwaka 2017, mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Ohio State alichapisha matokeo ya kuzipima nyimbo zilizoingia kumi bora za Marekani kati ya 1986 na 2015. Katikati ya miaka ya themanini, ala zilipigwa kwa zaidi ya sekunde 20 kwa wastani kabla ya sauti ya mwimbaji kusikika. Kufikia mwisho wa kipindi hicho zilibaki kama sekunde tano. Kwa maneno mengine, wimbo wa zamani ulipiga hodi. Gitaa linabisha, ngoma inabisha, wewe unaenda zako mlangoni ukijiuliza ni nani huyu, na ukifungua, mwimbaji yuko pale anatabasamu. Wimbo wa leo unaukuta sebuleni umekaa, viatu miguuni, unaimba kiitikio.

Sisemi hili kwa dharau. Mwimbaji naye ana watoto wa kulisha, na akibisha hodi sekunde 20 msikilizaji ameshaenda nyumba ya jirani. Lakini zile sekunde 20 zilikuwa na kazi. Ndipo nilipokumbuka niko wapi, niko na nani, wimbo huu ulipigwa mara ya mwisho lini. Mpaka sauti ingie, nilishakuwa nimefika.

Kuna jambo moja dogo kuhusu muziki na matembezi ambalo sichoki kulifikiria. Sony ilipouza Walkman ya kwanza, kicheza kaseti cha kutembea nacho, tarehe 1 Julai 1979, kifaa kile kilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, na kitufe cha rangi ya chungwa ambacho ukikibonyeza muziki unashuka ili mweze kuongea. Wakubwa wa kampuni walidhani mtu kujifungia ndani ya muziki akiwa na mwenzake ni utovu wa adabu. Walitarajia tutembee wawili wawili. Haukupita muda, matundu yakawa moja na kitufe kikaondoka. Wateja hawakukihitaji. Waliotengeneza kifaa walituwekea upenyo wa mtu mwingine kuingia, sisi ndio tuliouziba.

Sasa mpira. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo hoja yangu inaponiumiza mwenyewe.

Goli lilikuwa kitu cha pekee katika maisha ya mtu wa kawaida, kwa sababu tukio na hukumu vilikuja pamoja. Mahakamani unasubiri. Hospitali unasubiri majibu. Mtihani ukiufanya, unasubiri miezi. Mpira ukigusa wavu, umejua. Unatupa jicho moja kwa mshika kibendera, kibendera kiko chini, basi unamkumbatia mtu usiyemjua. Ule ndio uliokuwa utamu wa mpira, na ni mahali pekee ambapo sikutaka upenyo wowote.

VAR, yaani mwamuzi msaidizi anayetazama marudio ya video, ikaingizwa kwenye sheria za mchezo mwaka 2018 na ikatumika kwenye Kombe la Dunia mwaka huohuo. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Aprili 2019, Manchester City waliwakaribisha Tottenham katika marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. City walikuwa mbele 4–3 lakini walihitaji goli moja zaidi. Dakika za nyongeza, Raheem Sterling akafunga. Uwanja ukapasuka. Pep Guardiola akakimbia kando ya uwanja akirusha mikono kama mtoto. Halafu refa akaweka kidole sikioni. Sergio Agüero alikuwa ameotea kabla ya pasi ya mwisho, goli likafutwa, Tottenham wakasonga kwa faida ya magoli ya ugenini. Guardiola alipiga magoti.

Uamuzi ulikuwa sahihi, na hapo ndipo ugumu ulipo. Sina hoja dhidi ya haki. Aliyedhulumiwa goli mwaka 2010, Frank Lampard, mpira wake dhidi ya Ujerumani ukiwa umevuka mstari na dunia nzima ikiona isipokuwa waamuzi, anayo haki ya kunicheka. Lakini tangu usiku ule wa Manchester, mashabiki tumejifunza tabia mpya. Goli likiingia, tunanyanyuka nusu. Tunatazama skrini. Tunashangilia kwa mkopo, tukisubiri mdhamini asaini. Na mdhamini anatumia vipimo ambavyo jicho la mtu halina. Kwenye Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, kamera 12 zilifuatilia sehemu 29 za mwili wa kila mchezaji mara 50 kwa sekunde, na ndani ya mpira kulikuwa na kifaa kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde. Mtu anaotea kwa kidole cha mguu. Sheria ya kuotea iliwekwa ili watu wasizurure golini kwa adui, na sasa inampata aliyekunja goti vibaya.

Mtu atasema: wewe umetoka kulia kwamba habari zinahukumiwa haraka, sasa unalia kwamba mpira unahukumiwa polepole. Ndiyo, nalia vyote viwili. Kuhusu vita, kesi na misiba ya watu, nipewe muda nifikiri. Kuhusu goli nipewe furaha yangu papo hapo, maana hakuna atakayekufa. Tumefanya kinyume chake. Maisha ya watu yanapewa hukumu ndani ya dakika kumi, na kidole cha mguu cha mshambuliaji kinapewa jopo la waamuzi, chumba chenye skrini na dakika nne za uchunguzi.

Tena hata upenyo huo, tukishauweka, hatujui kuutumia. Tarehe 30 Septemba 2023, Luis Díaz wa Liverpool alifunga dhidi ya Tottenham, mshika kibendera akainua kibendera. Waliokuwa kwenye chumba cha VAR wakaangalia picha, wakaona hakuotea, wakatoa neno kwamba ukaguzi umekamilika. Tatizo ni kwamba walidhani uwanjani goli lilikuwa limekubaliwa. Kwa hiyo kauli yao, iliyokusudiwa kulithibitisha, ikaliua. Baada ya sekunde chache wakagundua, lakini mpira ulishaanza kuchezwa na sheria hairuhusu kurudi nyuma. Sauti zao zilitolewa hadharani baadaye. Mashine ilikuwepo, picha zilikuwepo, jibu walilipata. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza, "Samahani, uwanjani wameamuaje?" Sentensi moja, sekunde tatu.

Mwaka 2024 Wolverhampton waliziomba klabu za Ligi Kuu ya Uingereza ziifute VAR. Wakapigiwa kura 19 kwa 1. Sweden, ambako mashabiki wanachama wana kura nyingi ndani ya klabu zao, waliikataa moja kwa moja. Nayasoma matokeo haya mawili kwa pamoja na kuona anayeamua ni nani: pale anayekaa jukwaani anapokuwa na kura, goli limebaki goli.

Wakati huohuo upenyo mwingine unafunguliwa uwanjani, mpana kama mlango wa gereji. Qatar tuliona England na Iran wakicheza zaidi ya dakika 25 za nyongeza ukijumlisha vipindi vyote viwili. Hilo mimi naliunga mkono, kipa alikuwa ameumia kichwa na muda uliopotea lazima ulipwe. Lakini kwa Kombe la Dunia la 2026, lenye timu 48 na mechi 104, FIFA iliamua kila kipindi kisimamishwe dakika tatu wachezaji wanywe maji, iwe joto, iwe baridi. Kwa mchezaji anayekimbia juani ni utu. Kwa mechi inayochezwa jioni yenye upepo, sina haja ya kueleza dakika tatu tupu kwenye televisheni hujazwa na nini. Sio piano.

Muziki nao umeshaingia. Fainali ya Copa América ya 2024 ilisimama Shakira akaimba, na mapumziko yakavuka zile dakika 15 ambazo sheria inaziruhusu. Fainali ya Kombe la Dunia la Klabu ya Julai 2025 nayo ikawa na tamasha lake, Tems akiwa mmoja wa walioimba. Nampenda Tems. Nampenda Shakira. Lakini misuli ya mchezaji haijui kama anayeimba ni nyota, inajua tu kwamba inapoa. Na mapumziko ya mpira yalikuwa moja ya majumba ya mwisho ya mazungumzo: dakika 15 za kubishana na aliye kando yako, nani atoke, nani aingie, kwa nini kocha hasikii. Sasa tunaambiwa tutazame jukwaa.

Anayenifariji ni Lionel Messi, kwa sababu anatembea. Waliopima mienendo ya wachezaji wanasema hivyo, na macho yangu yanasema hivyo: wenzake wanakimbia, yeye anazunguka kama mtu aliyepoteza funguo, kichwa kinageuka kushoto, kulia, kushoto. Kwa miaka wapo waliomwita mvivu. Kumbe anasoma. Anahesabu beki yupi amechoka, wapi pengo litafunguka baada ya dakika tano. Qatar alitembea hivyohivyo akiwa na umri wa miaka 35, akafunga magoli saba, akachukua kombe na tuzo ya mchezaji bora. Katika mchezo ambao kila sekunde ina kipimo chake, mtu aliyeumiliki kuliko wote alikuwa amejitengea upenyo wake na hakuomba ruhusa.

Nami natembea, bila magoli saba. Na hata huku kwenye kutembea, ambako nilidhani nimejificha, wamenifuata. Simu inahesabu hatua. Ikifika jioni nina 6,200 inaninong'oneza kwamba bado. Bado nini? Bado 10,000. Nilitii miaka mingi mpaka nikajua tarakimu hiyo ilitoka wapi. Mwaka 1965, baada ya Olimpiki za Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kifaa kilichoitwa manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi. Ilikuwa namba nzuri ya kuuzia bidhaa. Watafiti walipokuja kuichunguza baadaye, wakiongozwa na I-Min Lee wa Harvard, katika utafiti wa 2019 kuhusu wanawake wenye umri mkubwa, waliona faida ya kurefusha maisha inapanda na hatua mpaka kama 7,500 kwa siku, kisha inatulia. Wale waliofika hata 4,400 walikuwa tayari mbali na wale wa 2,700. Yaani hatua elfu mbili na kitu za mwisho, zile nilizokuwa nikizimalizia kwa kuzunguka meza ya chakula usiku wa manane, nilikuwa namtembelea mfanyabiashara wa mwaka 1965.

Nilizima kile kihesabio. Simu yenyewe sikuiacha nyumbani, nisijisifu bure. Nilijiwekea sharti: mpaka kilele cha kilima, simu inakaa mfukoni. Nikishuka, naruhusiwa. Kwa hiyo kupanda kwangu kuna vitu na kushuka kwangu hakuna. Kupanda kuna ukuta uliopasuka unaofanana na ramani ya mto, kuna mtu anayejifunza tarumbeta nyuma ya dirisha lililofungwa na ambaye kwa miezi minne hajavuka nota ya tano, kuna mbwa aliyeamua mimi si adui. Kushuka sijui kuna nini. Napita tu.

Chini ya mteremko kuna kiwanja cha vumbi ambapo watoto hucheza mpira. Magoli ni mawe mawili kila upande. Mwamba wa juu haupo, unakadiriwa kwa urefu wa kipa, na kipa akibadilishwa goli linabadilika urefu. Juzi nilipofika, mchezo ulikuwa umesimama. Mpira ulikuwa umepita juu ya jiwe, au ndani ya jiwe, au juu ya kipa, kulingana na unayemuuliza. Walikuwa wanasukumana vifua. Mmoja akaniona.

"Anko, wewe ulikuwa unapita. Lilikuwa goli?"

Wote wakanyamaza, wakanigeukia. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwenye lile jiwe, uso umeelekea kiwanjani, hakuna kilichonizuia kuona.

"Sikuona," nikasema.

Yule mtoto akaitazama simu iliyokuwa inawaka mkononi mwangu. Hakusema kitu. Akageuka kwa wenzake, wakakubaliana ipigwe penalti, na nikasogea pembeni wapate nafasi.